Kabla ya kununua jiko la indaksheni: anza na sufuria na nyaya

Jiko la indaksheni halitoi moto. Chini ya kioo chake kuna koili ya waya wa shaba, na ndani ya koili hiyo hupita umeme unaotetema zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde. Mtetemo huo huzaa uga wa sumaku unaopenya kioo na kuamsha mikondo ya umeme ndani ya kitako cha sufuria, na mikondo hiyo ndiyo inayokipasha kitako joto. Kwa hiyo sufuria ndiyo inayokipasha kioo, wala si kioo kinachoipasha sufuria. Anayelielewa hilo hashangai kuona sufuria yake ya alumini ya miaka mingi imegeuka pambo, wala jiko lenye duara kubwa likiunguza katikati tu. Makosa mengi ya ununuzi hutokea nyumbani, kabla mtu hajafika dukani: hakupima sufuria, hakuuliza habari za nyaya. Basi kazi ianzie huko.

Hatua ya 1: Pitisha sumaku kwenye kila sufuria

Chukua sumaku ya kawaida, hata ile ya kubandika karatasi kwenye friji, uigusishe kwenye kitako cha kila sufuria upande wa nje. Ikinata kiasi cha kuhitaji kuivuta, sufuria hiyo itafanya kazi. Isiponata, jiko litalia mlio wa kuonya kisha litajizima baada ya muda mfupi. Kati ya hizo mbili kuna kundi la tatu, nalo ndilo linalowatia watu hasara: sumaku inanata kilegevu, au inanata hapa na kuteleza pale. Hapo kitako ni cha alumini iliyopachikwa bamba jembamba la chuma lenye matundu. Jiko litaitambua sufuria, lakini nguvu inayoingia itakuwa ndogo kuliko ile inayoonyeshwa kwenye kioo, na joto litatoka kwa mabaka.

Chuma kizito cha kumimina, chuma kilichopakwa enameli na vikaango vya chuma cheusi vyenye kitako bapa hufaa bila maswali. Alumini tupu, shaba tupu, udongo, kauri na kioo havifai. Chuma cha pua ndicho chenye utata. Maandishi 18/10 yana maana ya kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 10, na nikeli hiyo ndiyo inayokiondolea chuma tabia ya kuvutwa na sumaku. Kwa hiyo 18/10 peke yake haifai, ilhali 18/0 inanata. Sufuria nyingi nzuri huwa na 18/10 upande wa ndani, alumini katikati ya kusambaza joto, na 18/0 upande wa nje. Alama ya indaksheni, yaani mchoro wa waya uliojikunja kama springi, husaidia, lakini mwamuzi wa mwisho ni sumaku, si boksi.

Baada ya sumaku, pima ubapa. Geuza sufuria, laza rula juu ya kitako. Mwanga mwembamba ukipita katikati si neno. Vitako vingi hutengenezwa vikiwa vimebonyea kidogo kwa ndani ili vinyooke vikipata joto. Tatizo ni kitako kilichotokeza nje: rula inapepea, sufuria inazunguka kama pia juu ya kioo, na kingo zake hubaki mbali na koili. Kikaango chenye kitako cha mviringo, kile cha kukaangia kwa kurusharusha, hakifai kabisa juu ya kioo bapa.

Kisha pima kipenyo cha kitako. Si cha mdomo; mdomo hudanganya. Majiko mengi hayatambui kitako kilicho chini ya sentimita 12, na duara kubwa huenda likadai 15 au zaidi. Kisufuria kidogo cha kuchemshia maziwa au kahawa ndicho huwa cha kwanza kukataliwa.

Utauziwa pia bamba la chuma la kuweka kati ya jiko na sufuria isiyofaa. Liache dukani. Bamba hilo hupata joto kali mno, huipitishia sufuria sehemu tu ya joto hilo, na linalobaki hurudi kwenye kioo na vifaa vilivyo chini yake. Umenunua jiko la haraka ukaligeuza la polepole, na umeliweka hatarini.

Ukimaliza, tenga sufuria katika mafungu mawili na uhesabu. Kama zinazofaa ni mbili kati ya kumi, bei halisi ya jiko ni bei ya jiko pamoja na sufuria nne au tano mpya. Afadhali kulijua hilo sasa.

Hatua ya 2: Fanya hesabu ya umeme

Hesabu ni moja tu: wati ugawe kwa volti, upate ampea. Jiko la mezani la wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 linavuta ampea 8.7. Soketi nzuri inalimudu. Mahali penye umeme wa volti 120, jiko la wati 1,800 linavuta ampea 15, yaani uwezo wote wa laini ya kawaida ya ampea 15. Ukiwasha birika la umeme kwenye laini hiyohiyo, breka inajikata. Si ubovu wa jiko.

Jiko la kuzamisha kwenye kaunta lenye maduara manne ni habari nyingine. Mengi yana jumla ya wati 7,200 hadi 7,400, ambazo kwenye volti 230 ni ampea 31 hadi 32. Hilo haliingii kwenye soketi. Linahitaji laini yake peke yake kutoka meinswichi, breka yake peke yake, na kebo inayolingana. Kwa ampea 32 kebo ya shaba ya milimita mraba 6 hutumika sana, lakini urefu wa njia, joto la mahali inapopita na idadi ya kebo zilizobanana humo vinaweza kudai nene zaidi, na hiyo ni kazi ya fundi umeme kuipigia hesabu. Mwulize fundi mambo matatu kabla ya kununua: meinswichi ina nafasi ya breka nyingine? Umeme unaoingia nyumbani unatosha jiko hili likiwaka pamoja na hita ya maji? Waya wa ardhi upo na unafanya kazi? Jibu la tatu likiwa hapana, ununuzi usubiri.

Kama laini nene haiwezekani, zipo njia mbili za kweli. Baadhi ya majiko ya kuzamisha hukuruhusu kuweka kikomo cha nguvu wakati wa kufunga, tuseme wati 3,000, na jiko lenyewe hugawa hizo kwa maduara yote. Utapika kwenye maduara manne, ila si yote kwa kasi. Njia ya pili ni jiko la mezani la duara moja au mawili. Hapa angalia jambo moja: jiko la mezani la maduara mawili lenye plagi moja halina nguvu mara mbili. Mara nyingi duara moja likipanda juu, la pili linashushwa, kwa sababu yote mawili yanakunywa kwenye kisima kimoja.

Ekstensheni usiifikirie. Waya wake mwembamba na viungio vyake vilivyolegea hupata joto kwa mzigo huu, na dalili ya kwanza ni plagi iliyo moto ukiishika, kisha harufu ya plastiki, kisha soketi iliyogeuka rangi ya kahawia.

Wanaotumia betri na inveta wafanye hesabu nyingine. Wati 2,000 kwenye betri za volti 12 ni zaidi ya ampea 166. Kwenye volti 24 ni kama 83. Kwenye volti 48 ni kama 42. Mfumo wa volti 12 kwa jiko hili ni kuutesa. Inveta iwe ya wimbi safi, yaani itoe umeme unaopanda na kushuka kwa ulaini kama wa gridi. Ile ya wimbi la ngazingazi hufanya jiko lingurume, likatae kuwaka, au liunguze swichi zake za kielektroniki. Dakika 30 za wati 2,000 ni kilowati-saa nzima, na huo ni upishi wa mlo mmoja, kabla ya kuhesabu umeme unaopotea ndani ya inveta.

Hatua ya 3: Hakikisha kweli ni indaksheni

Kuna jiko jingine la kioo cheusi, la umeme, lenye umbo lilelile na vitufe vilevile, ambalo ndani yake kuna waya unaowaka mwekundu. Huitwa la infraredi. Wauzaji wengi huyaweka rafu moja na kuyaita jina moja. Sifa ya kusema "linapokea sufuria ya aina yoyote" ni ya infraredi, kamwe si ya indaksheni. Liwashe bila sufuria: la infraredi litawaka jekundu chini ya kioo, la indaksheni litalia na kukataa.

Si kwamba infraredi ni kitu kibaya. Anayemiliki sufuria ishirini za alumini huenda likamfaa zaidi. Ubaya ni kulipia hili ukapewa lile.

Hatua ya 4: Tafuta ukubwa wa koili

Hapa ndipo jiko zuri na baya hutengana, na ndipo maduka hunyamaza. Duara lililochorwa kwenye kioo ni rangi tu. Majiko mengi ya bei ya chini huwa na duara la sentimita 20 lililochorwa juu ya koili ya 12 au 15. Ukiweka kikaango cha sentimita 28, sehemu ya katikati inaungua huku pembeni pakiwa vuguvugu, na unalaumu kikaango.

Jaribio lake halihitaji kufungua jiko. Weka maji ya kina cha nusu sentimita kwenye sufuria pana yenye kitako chembamba, washa nguvu ya kati, tazama mapovu. Yataanza kwa umbo la pete, na pete hiyo ndiyo koili yako. Kama pete ni ndogo kuliko kiganja na wewe hupikia watu wanane, ondoka. Kama duka haliruhusu jaribio, tafuta kipenyo cha koili kwenye kijitabu cha maelezo, si kwenye tangazo. Majiko ya kuzamisha kwa kawaida huwa na maduara ya ukubwa tofauti, ya sentimita 14 hadi 15, 18, 21, na wakati mwingine 28. Yale yanayoruhusu kuunganisha maduara mawili yawe eneo moja refu hufaa kwa kikaango cha mstatili, ila uulize kama kati ya koili hizo mbili kuna pengo lisilopata joto. Mara nyingi lipo.

Sufuria nayo isipishane sana na koili. Ikizidi koili kwa sentimita mbili tatu hakuna shida. Ikizidi zaidi ya hapo, ni kitako kinene tu kitakachookoa, nacho huchukua muda kusambaza joto.

Hatua ya 5: Jaribu moto mdogo, kisha moto mkubwa

Kila jiko la indaksheni linachemsha maji kwa haraka. Swali gumu ni kama linaweza kupika polepole. Majiko mengi ya mezani hayawezi kushuka kikweli chini ya wati 800 au 1,000. Ukiyaweka wati 200, hupiga nguvu ileile kwa sekunde chache, yakanyamaza, yakapiga tena. Maziwa hufurika wakati wa pigo, na mchuzi mzito hushika chini. Chemsha maji kidogo, shusha hadi daraja la chini kabisa, kisha sikiliza na kutazama. Mapovu yanayotulia na kuendelea taratibu ni dalili njema. Mapovu yanayolipuka, yanayokoma kabisa, yanayolipuka tena, hiyo ndiyo tabia utakayoishi nayo. Madaraja nane hayatoshi kwa upishi makini. 15 au 20 yanatosha, mradi ya chini yawe ya kweli.

Kwa upande wa nguvu, maji ni mizani isiyohongwa. Lita 1 ya maji kutoka nyuzijoto 20 hadi 100 inahitaji kilojuli 335 hivi. Jiko la wati 2,000 linaloingiza asilimia 85 ya nguvu yake kwenye sufuria litatumia dakika 3 na sekunde 20. Ongeza nusu dakika kwa ajili ya sufuria yenyewe na mvuke unaopotea, na ufunike. Likichukua dakika 6 au 7, ama sufuria ni ile ya bamba lenye matundu, ama unachemshia kwenye jiko la wati 1,000 lililobandikwa karatasi ya 2,000.

Namba za nyuzijoto zilizoandikwa kwenye vitufe usizitegemee. Kihisi kiko chini ya kioo, kwa hiyo kinasoma kioo, na kioo hufuata sufuria kwa kuchelewa. Mafuta yanaweza kuwa tayari yanatoa moshi huku jiko likidai ni 180.

Kitufe cha kuongeza nguvu kwa muda nacho kisome vizuri: kwa kawaida hukopa kwenye duara jirani la upande huohuo, na hujizima baada ya dakika chache.

Hatua ya 6: Vitufe, kelele, kaunta

Vitufe vya kugusa hukataa kidole chenye maji au mafuta, na maji yakifurika juu yake jiko hujizima. Mwenye mikono ya upishi, anayeshika samaki kisha jiko, atafurahia zaidi kitufe cha kuzungusha, ingawa ni kigumu kukisafisha. Vikiwa vya kugusa, tafuta jiko lenye namba za kila duara peke yake. Kuchagua duara kwanza, kisha kubonyeza alama ya kuongeza mara tisa, kunachosha. Kufuli ya watoto na taa inayoonyesha kuwa kioo bado ni cha moto viwepo.

Mngurumo wa feni ni wa kawaida, na huendelea baada ya kuzima. Mlio mwembamba kama wa nyuki hutoka kwenye sufuria za tabaka nyingi kwa nguvu kubwa. Hupungua ukishusha daraja. Feni inayokwaruza ikiwa mpya, irudishe.

Kwa jiko la kuzamisha, shimo la kaunta kwa jiko la upana wa sentimita 60 mara nyingi ni milimita 560 kwa 490, lakini usikate chochote kabla ya kushika karatasi ya vipimo ya jiko lenyewe. Chini yake lazima hewa ipite. Droo iliyojaa hadi juu, au oveni isiyo na feni yake ya kupoza, huziba hewa hiyo, na jiko litajishusha nguvu au kujizima katikati ya upishi. Mnunuzi hudhani limeharibika, kumbe linakosa pumzi. Jiko la mezani nalo liache sentimita 10 hivi nyuma na pembeni, wala usilitandikie kitambaa au gazeti, kwa kuwa hewa huvutwa kutoka chini. Usiliweke juu ya meza ya chuma.

Kama mtu wa nyumbani ana kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kilichopandikizwa kifuani, amwulize daktari wake kwanza. Ushauri unaotolewa sana ni kukiweka kifaa hicho umbali wa sentimita 60 au zaidi kutoka kwenye jiko lililowaka.

Hatua ya 7: Kabla ya kulipa

Nenda na sumaku, na sufuria yako unayoitumia zaidi. Omba jiko liwashwe kwa sufuria hiyo. Kagua kioo kwa kukiinamisha kwenye mwanga. Alama ndogo ya kugongwa ukingoni ndiko ufa huanzia. Soma dhamana: kioo mara nyingi hakimo, na jiko la kuzamisha huenda likadai risiti ya fundi aliyelifunga. Uliza kama feni, kioo na bodi ya umeme hupatikana kama vipuri, kwa sababu ndivyo vinavyokufa. Feni hufa kwa mafuta na vumbi. Bodi hufa kwa umeme unaoruka, na pia kwa mende wanaofuata joto ndani ya matundu wakaunganisha njia mbili za umeme zisizotakiwa kukutana. Mahali ambapo umeme hupanda na kushuka, nunua na kilinzi cha umeme chenye ampea zinazotosha jiko, si kile cha televisheni.

Wiki ya kwanza

Anza na daraja la kati. Kikaango chembamba kitupu kwenye nguvu ya juu hupata joto kali ndani ya sekunde chache tu, kitako kikapinda na hakitanyooka tena. Chenye utando wa kutoshika huharibika ukizidi nyuzijoto 260 hivi. Weka mafuta au chakula kwanza, ndipo uwashe.

Ukizima, usichomoe plagi mara moja. Iache feni imalize kazi yake.

Inua sufuria, usiiburute; chembe ya mchanga chini ya kitako ndiyo inayochora kioo. Kwa mabaki ya kawaida subiri kioo kipoe, kisha futa. Sukari ni kinyume: iliyomwagika na kuyeyuka huondolewa kioo kikiwa bado cha moto, kwa wembe wenye mpini na mkono uliovaa glavu, kwa kuwa ikigandia hunyofoa vipande vya kioo inapobanduka. Na kioo kikipata ufa, hata mwembamba kama unywele, zima kwenye breka au kwenye swichi ya soketi badala ya kitufe cha jiko, na usipike tena hadi kibadilishwe: maji yakipenya hapo yanatua moja kwa moja juu ya koili yenye umeme.